Mkia wa Kipanga

Msimu wa karafuu ukifika Gando, kisiwani Pemba, hapana pahala pa kukanyaga. Uani, barazani, kando ya barabara, hata pembeni mwa uwanja wa mpira wa skuli, kote hutandikwa majamvi, na juu ya majamvi karafuu. Mgeni akishuka garini huvuta pumzi akasema, "Lo, mji wenu unanukia!" Wenyeji humcheka, maana pua zao zimeshazoea na hazinusi tena chochote.

Khairiya, msichana wa darasa la saba, kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuanika. Hutandika jamvi, humwaga karafuu, huzitawanya kwa viganja, kisha hukimbia kuoga na kuvaa ushungi wake mweupe kabla kengele ya skuli haijalia. Bibi yake, Bi Mwanawema, huketi kizingitini akichambua, karafuu huku na makonyo kule. Na ubavuni pake, siku zote, husimama ile chupa.

Chupa yenyewe ilikuwa ndogo, imejaa mafuta ya makonyo, yale yanayopikwa kwa vijiti vya karafuu. Bi Mwanawema alikuwa mkandaji mashuhuri, na kwake yeye mafuta yale yalikuwa dawa ya kila kitu. Jino likiuma, mafuta. Goti likikakamaa, mafuta. Bawaba ya mlango ikilia, mafuta. Siku moja redio ilikataa kusema, Bibi akaipaka mafuta, na bahati mbaya redio ikasema. Tangu hapo humwambii kitu!

"Mafuta haya, mjukuu wangu," hupenda kusema, "hayajapata kumdhuru kiumbe."

Khairiya aliamini. Alilelewa na mafuta hayo tangu mchanga, na hata mfukoni mwa sare yake alikuwa na kichupa kidogo, kwa ajili ya jino moja la nyuma lililokuwa likimsumbua.

Huko skuli, msimu ule, watoto hawakuwa na habari ya karafuu. Habari yao ilikuwa Kipanga. Mwalimu Othman, msimamizi wa Klabu ya Sayansi, ana kaka anayefanya kazi Maskati, naye alikuwa amewaletea boksi lenye feni ndogo ya umeme, betri na rimoti ya kuongozea ndege kwa mawimbi ya redio. Mwili wa ndege waliuunda wenyewe. Walikusanya lile povu gumu jeupe linalozungushiwa mafriji ndani ya maboksi, wakalichonga kwa kisu, wakaligundisha, wakalivisha utepe mwekundu kuanzia pua mpaka mkia. Feni wakaitia tumboni, ivute hewa mbele na kuitupa nyuma kama jeti za kweli. Siku alipokamilika walimwita Kipanga, na tangu siku hiyo ukimwita "kitu" utagombana na klabu nzima.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Silima, kijana mpole wa darasa la nane, alikuwa rubani. Mwalimu aliwajaribu wote, na vidole vya Silima ndivyo vilivyotulia juu ya rimoti. Mwatum alisimamia betri. Mbarouk, msemaji asiyechoka, alisimamia kelele. Na Khairiya alikabidhiwa ufunguo wa kabati alimolala Kipanga.

"Huyu ndiye wa kushika ufunguo," alisema Mwalimu Othman mbele ya wote. "Khairiya hasemi uongo."

Alikuwa na sharti moja tu, nalo alilirudia mpaka watoto wakaliimba. "Nikishamkagua Kipanga, hagusi mtu. Si mimi, si mwalimu mkuu, si nzi!"

Siku ya kumrusha mbele ya wazee ilipokaribia, Mwalimu Othman alimkagua Kipanga mchana, akaridhika, akaenda zake. Alasiri Khairiya akaenda kufunga kabati. Kabla ya kufunga akamtazama. Ewe Khairiya, ungefunga tu! Lakini alimpenda mno ndege yule. Akanyoosha kidole, akakisukuma kile kibao cha mkiani kinachomfanya apande na kushuka. Kibao kikalia, *kwii*, kikawa kizito.

"Kesho kitakwama," alijisemea.

Mkono ukaenda mfukoni bila ya kutumwa. Akakifungua kichupa, akadondosha mafuta ndani ya ufa ulio chini ya utepe, pale mkia unapoungana na mwili. Akakichezesha kibao, akadondosha tena. Baada ya muda kibao kikawa laini, kinakwenda na kurudi bila ya kulalamika. Khairiya alitabasamu. Alifunga kabati na kurudi nyumbani, moyo mweupe.

Asubuhi ya pili yake uwanja ulijaa. Wazee waliketi upande mmoja, na mwalimu mkuu, Bi Mwanakhamis, alikaa mbele yao kwenye kiti cha ofisini. Mwalimu Othman alimtoa Kipanga kabatini kwa mikono miwili.

"Kuna aliyemgusa tangu jana?" aliuliza.

Khairiya alifungua kinywa. Angesema nini? Kwamba amevunja sharti, mbele ya watu wote hawa, na huku amefanya jambo la kheri? Kwani kupaka mafuta nako ni kugusa?

"Hakuna, mwalimu," alijibu.

Kipanga akaruka. Wallahi akaruka! Alikimbia juu ya nyasi, akanyanyuka, feni inalia kwa sauti nyembamba, wekundu wake unang'aa. Wazee walisimama. Silima alimzungusha juu ya minazi, akamrudisha, akampitisha juu ya vichwa vya watu, na bibi mmoja akajitupa chini kwa hofu huku anacheka. Kisha Silima akampandisha kwa mzunguko wa pili.

Hapo ndipo lilipotokea. Kipanga alipoinua pua, kitu chekundu kilichomoka nyuma yake, kikaanguka peke yake juu ya majamvi ya karafuu pembeni mwa uwanja. Ndege akapinduka. Akaja kichwa chini, feni ingali inalia, akajipiga ndani ya shamba la muhogo upande wa pili. Watoto walipiga kelele, halafu kelele zikakatika.

Silima alibaki amesimama na rimoti mkononi, vidole vingali vinasukuma.

Siku hiyo hiyo, baada ya masomo, klabu ilikaa darasani. Mabaki ya Kipanga yalilazwa juu ya meza, mwili umepasuka pua, na mkia kando yake umejaa vumbi na vijipande vya karafuu. Mwalimu Othman alikuwa na huzuni, lakini hakuwa mtu wa kuacha jambo likae hivi hivi.

"Maonyesho ya sayansi ya Chake Chake ni wiki ijayo," alisema. "Kumuunda upya tutaweza. Lakini tukimuunda bila ya kujua kilichomwangusha, ataanguka tena. Basi kila mtu alete sababu yake, na aitetee. Sababu isiyo na ushahidi tutaifuta."

"Upepo!" Mbarouk alikuwa ameshasimama. "Kusi hili, mwalimu, linang'oa mapaa!"

"Upepo gani, yakhe?" Mwatum akamjibu. "Bendera ilikuwa imelala mlingotini. Hata ushungi wangu haukupepea."

Watoto walikubaliana naye, na upepo ukafutwa ubaoni. Mbarouk hakukata tamaa. "Basi betri. Juzi umeme ulikatika mji mzima. Mwatum aliichaji wapi?"

Macho yote yakamgeukia Mwatum. Khairiya, aliyekaa karibu naye, alimuona rafiki yake akilishika dawati kwa mikono miwili.

"Niliichaji kwa mjomba, kwenye sola," alisema Mwatum. "Na nyote mliisikia feni ikilia mpaka chini. Betri ingekufa, feni ingelia vipi?"

Mwalimu Othman aliunganisha betri ile na feni. Feni ikazunguka kwa nguvu, ikapeperusha vumbi usoni mwa Mbarouk, na darasa likacheka. Betri ikafutwa.

Mwengine akataja mnara wa simu ulio kilimani, kwamba mawimbi yake yameizidi nguvu rimoti. Wakatoka nje kujaribu. Silima alikwenda mpaka chini ya mnara wenyewe na rimoti, na mwalimu akabaki uwanjani na mwili wa Kipanga. Kila Silima alipobonyeza, vibao vya mbawa vilitii. Mnara nao ukafutwa.

"Mwalimu, tusidanganyane," alisema Mbarouk waliporudi darasani, safari hii kwa sauti ya chini. "Watu walikuwa wengi. Pale pamepita jicho la mtu."

Jambo hili kwa watoto halikuwa la mzaha.

"Hasad ipo, sikatai, na kila siku tunajikinga nayo kwa dua," alisema Mwalimu Othman. "Lakini mkia huu umetoka. Niambieni kilichoutoa. Huo ndio mtihani wetu."

Akauinua mkia, wote wauone. Ulianguka upande mmoja wa uwanja na mwili upande mwengine, kwa hiyo ulitoka hewani, si kwa kujipiga chini. Hilo halikuwa na ubishi. Mbarouk akajikuna kichwa, kisha akasema neno lililowaingia watu wote.

"Basi kaupindisha rubani. Kamwinua kwa pupa, mkia ukakatika."

Silima alivificha vidole vyake mfukoni.

Khairiya tangu mjadala uanze alikuwa akisikiliza kwa raha, maana alitaka kujua kama wenziwe. Lakini mwalimu alipougeuza mkia, aliona kitu. Chini ya utepe, pale ulipochomoka, povu halikuwa limevunjika kama linavyovunjika siku zote, lenye chembechembe nyeupe. Lilikuwa limenywea kwa ndani, laini, limekunjamana. Na vumbi lilikuwa limegandia pale kwenye unyevu.

*Hapana*, alijiambia. *Mafuta? Mafuta hayajapata kumdhuru kiumbe.*

Mwalimu Othman aliunusa mkia, akauweka chini. Ulinuka karafuu. Na ungenuka nini, nao umeanguka juu ya jamvi la karafuu, katika mji wa karafuu, msimu wa karafuu? Hakuna hata aliyeuliza.

Mwalimu mkuu aliposikia kwamba sababu zote zimefutwa ila moja, alisema kama kesho haitatolewa sababu nyengine, rubani atabadilishwa. "Hatuwezi kwenda Chake Chake na mtoto mwenye mkono mzito," alisema. Kabla klabu haijatawanyika, Silima alikuwa ameshapewa jina. Kila alipopita, watoto walipiga makofi na kumwita, "Kapteni Puu! Kapteni Puu!"

Khairiya alifika nyumbani hana hamu ya kula. Alitoka uani, akaokota kipande cha povu kilichobaki siku za kumuunda Kipanga, akakaa nyuma ya jiko pasipomuona mtu. Akafungua kichupa.

Akadondosha tone moja.

Mwanzo hakukuwa na kitu. Alianza kuvuta pumzi ya faraja, na pumzi haijatoka akaona povu linadidimia. Tone lilikuwa likizama polepole, linajichimbia shimo, na kingo za shimo zikinywea na kukunjamana vile vile alivyoona darasani. Akadondosha jengine pembeni, nalo likachimba. Akakiminya kipande kwa kidole, kikamkatikia mkononi.

Kumbe! Kile kibao hakikulainika kwa sababu kimepona. Kililainika kwa sababu kilikuwa kinaliwa.

"Khairiya!" Bibi aliita kutoka kizingitini. "Una n'ni weye, hata muhogo hujagusa?"

"Jino, Bibi."

"Basi si upake mafuta!"

Maskini, alitamani kulia na kucheka kwa wakati mmoja. Akatoka, akakaa karibu na Bibi na kuanza kuchambua ili mikono iwe na kazi. "Bibi," aliuliza baada ya muda, "mafuta haya kweli hayajapata kuharibu kitu?"

Bi Mwanawema aliweka ungo chini kwa heshima kubwa. "Mtu aliyekwambia hivyo, mlete hapa. Toka Gando mpaka Wete wananijua kwa mafuta haya. Wewe mwenyewe miguu hii unayotembelea niliinyoosha mimi kwayo. Nani kasema?"

"Hakuna, Bibi."

Ilikuwa mara ya pili kusema *hakuna*, na hii ilikuwa nzito zaidi. Khairiya aliwaza huku na huku. Akisema, ataambiwa amevunja sharti. Akisema, ataambiwa alimdanganya mwalimu mbele ya wazee, yeye asiyesema uongo. Akisema, watu watamcheka Bibi na dawa yake. Asiposema, ni Silima. Alijiona kama samaki aliyeingia ndani ya mtego wa dema: kuingia kwake hakukuwa na taabu hata kidogo, na sasa kila anakogeuka ni ukuta wa fito. Labda, alijipoza, mwalimu atapata sababu nyengine. Labda Silima hatajali sana. Labda, labda, na karafuu mkononi mwake zilikuwa zinachanganyika na makonyo bila ya yeye kuona.

Kabla ya magharibi Bibi alimtuma dukani. Njiani alikutana na Silima, amebeba pakacha la karafuu begani. Khairiya angeweza kuchepuka, lakini njia ilikuwa nyembamba na miguu ilikuwa mizito.

"Kesho sendi klabu," Silima alisema kabla hajaulizwa. "Baba kasema kama ndege zimenishinda, mikarafuu hainishindi. Nikitoka skuli, moja kwa moja shamba."

"Lakini si wewe, Silima." Maneno yalimtoka Khairiya kwa sauti ndogo.

Silima alilitua pakacha. Alizitazama ncha za vidole vyake.

"Mwanzo na mimi nilisema si mimi," alisema. "Sasa nimeanza kukumbuka. Pale alipopanda, nadhani kidole kiliruka. Nadhani nilikivuta kwa nguvu. Nikilifikiri sana naliona kabisa, Khairiya. Kweli ni mimi niliyemwangusha."

Akalipandisha pakacha begani, akaenda zake.

Khairiya alisimama pale pale njiani mpaka akasahau alichotumwa. Yeye alidhani anaficha kosa lake tu, kumbe lilikuwa limeshahama, limeingia kwa mtu mwengine na kujifanya mwenyeji. Silima alikuwa anakumbuka jambo ambalo halikutokea! Machozi yalimtoka, na safari hii hakusingizia jino.

Kesho yake alipoingia darasani, mwalimu mkuu alikuwa amekaa kando ya Mwalimu Othman. Silima alikuwepo, maana Mwalimu Othman mwenyewe alikuwa amemfuata na kumwomba aje walau asikie uamuzi. Ubaoni lilibaki neno moja, *Rubani*.

"Kuna mwenye sababu nyengine?" aliuliza Mwalimu Othman. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba ajibiwe.

Mbarouk alitazama dari.

Khairiya alisimama. Alitembea mpaka mezani, akaweka kipande cha povu, akatoa kichupa mfukoni, akadondosha matone matatu pamoja.

"Ni n'ni hiyo?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Tazameni, mwalimu."

Watoto walisogea, mmoja mmoja, mpaka meza ikazingirwa. Matone yakazama. Povu likanywea. Mtu akasema "Haa!" na mwengine akamnyamazisha. Mwalimu Othman aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, kisha akauchukua mkia wa Kipanga na kuuweka ubavu kwa ubavu na kipande kile. Makovu yalikuwa ya namna moja.

"Mafuta ya makonyo," alisema taratibu. "Nami niliunusa mkia huu, nikadhani ni jamvi." Akanyanyua macho. "Nani aliyeyatia?"

"Mimi, mwalimu." Alimtazama mwalimu machoni. "Baada ya ukaguzi. Kibao kilikuwa kinalia, nikataka kisikwame. Ulipouliza, nikasema hakuna. Sikujua kama yanakula povu, wallahi sikujua. Lakini tangu jana alasiri nimejua, na nimenyamaza. Silima hana kosa. Kidole chake hakikuruka."

Hakuna aliyecheka. Mwatum alimwangalia rafiki yake kana kwamba amemuona leo, maana hata yeye alikuwa amekaribia kubebeshwa kosa hilo. Silima ndiye wa kwanza kusema, na hakusema kwa upole.

"Jana njiani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha niende?"

Silima alikwenda dirishani, akawapa mgongo. Na alikuwa na haki yake, tusimlaumu.

Mwalimu Othman alifuta ubao mpaka ukawa mweusi. "Khairiya," alisema, "umefanya makosa mawili, na hayalingani. La kwanza ulilifanya kwa kutojua. Hilo ni la kila anayejifunza. Hata mimi leo nimejifunza, na nilipaswa kuukagua mkia huu kwa mikono, si kwa macho tu. La pili ulilifanya kwa kujua. Ulidhani kimya chako hakina uzito. Kilikuwa nao, ila aliyeubeba ni Silima."

"Ndiyo, mwalimu."

"Mpe Mwatum ufunguo."

Khairiya aliutoa ufunguo shingoni, akampa Mwatum. Hilo ndilo lililomuuma kuliko fimbo.

"Mkia mpya utauunda wewe," aliendelea mwalimu. "Na ukitoka hapa, nenda kwa baba yake Silima, umwambie kwa kinywa chako kama ulivyotwambia sisi."

Bi Mwanakhamis alinyanyuka kitini, akamwendea Silima dirishani na kumshika bega. "Na mimi nilifanya haraka ya kuhukumu, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Rubani wa Chake Chake ni wewe."

Baba yake Silima alimsikiliza Khairiya mpaka mwisho, akasema, "Haya, umesema," na kumrudishia mwanawe ruhusa ya klabu. Kazi kubwa ilibaki nyumbani. Bi Mwanawema aliposikia habari, alikitaka kipande cha povu, akadondosha tone kwa mkono wake, akatazama. Akadondosha jengine.

"Ala!" alisema. "Mafuta yangu?"

"Nisamehe, Bibi. Sasa watu watayacheka."

"Na wacheke. Mimi huwakanda watu, sikandi ndege." Lakini jioni ile Khairiya alimuona akiichukua ile redio na kuichunguza kwa wasiwasi nyuma na mbele.

Siku ya maonyesho Chake Chake, Kipanga mpya alikuwa mezani, utepe wake mwekundu umenyooka. Silima kwa siku kadhaa hakusema na Khairiya ila kwa lazima, "nipe gundi," "shika hapa." Sasa alisimama kando na rimoti yake. Bi Mwanawema naye alikuja, amevaa buibui lake la harusini, kajipenyeza mpaka safu ya mbele.

"Kuna aliyemgusa tangu nilipomkagua?" aliuliza Mwalimu Othman.

Mkono wa Khairiya ulipanda juu mbele ya umati mzima.

"Mimi, mwalimu. Asubuhi Mwatum alipofungua kabati, nilimfuta vumbi ubawa wa kushoto. Kwa kitambaa kikavu. Basi."

Wageni walinong'ona. Silima alikuja karibu, akainama, akaunusa mkia.

"Unanuka karafuu," alisema.

"Silima, Pemba nzima inanuka karafuu!"

Silima angeweza kumwomba mwalimu aubandue utepe na kuchungulia. Hakuomba.

"Umesema ni kitambaa kikavu?"

"Kitambaa kikavu."

"Basi namrusha," alisema Silima, na hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Kipanga akanyanyuka. Akapanda, akazunguka, akainua pua katika mzunguko wa pili, pale pale pa siku ile, na klabu nzima ikashika pumzi. Mkia ulikuwa mahali pake. Watu walipiga makofi, na Mbarouk, msimamizi wa kelele, akafanya kazi yake kwa ukamilifu.

"Huyo ndiye aliyetafunwa na mafuta yangu?" Bi Mwanawema alimuuliza mjukuu wake, mkono kipajini.

"Ndiye, Bibi."

"Mbona kapona?"

Bibi alimvuta karibu, akamfunga vizuri ushungi uliolegea.

"Kapona siku uliyosema," alisema. "Miaka yote hii nakanda watu, sijapata kumponya aliyenificha panapouma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na wewe ukikosea tena, maana utakosea, wewe ni mtu, njoo uniambie panapouma kabla hapajaanza kumuuma mwengine."

"Nitakwambia, Bibi."

"Haya. Na hilo jino?"

Khairiya alisitasita. "Jino lilipona zamani, Bibi. Siku ile nilikusingizia."

Bi Mwanawema aliangua kicheko mpaka watu wakageuka, na juu yao Kipanga akapita kwa mara nyengine, mzima.